Nimekulia Tanga, mbona joto la chumba cha yoga limenishinda?

"Shikamoo daktari. Mimi ni mama wa miaka 46, nimezaliwa na kukulia Tanga, sasa nina miaka 14 Leicester, Uingereza. Nafanya kazi kwenye nyumba ya kulelea wazee. Nina presha, nameza amlodipini na indapamidi kila asubuhi, na kwa sasa imetulia. Mwezi uliopita wenzangu wa kazini walinipeleka kwenye yoga ya chumba cha joto. Ukutani kipimo kinasoma nyuzi 40, darasa ni dakika 90. Mara mbili za mwanzo nilitoka mwepesi, nikalala usingizi ambao sijaupata miaka mingi. Mara ya tatu nilikwenda nikitokea zamu ya usiku, nimekunywa chai tu. Katikati ya darasa tuliinama kushika vifundo vya miguu. Nilipoinuka nikaona kiza, masikio yakavuma, nikakaa chini. Nilitaka kutoka, mwalimu akaniambia nisitoke, hizo ni sumu zinaondoka mwilini, nitazoea. Siku hiyo nilijipima uzito kabla na baada: kilo 78.4, kisha 77.1, na humo ndani nilikunywa chupa ya nusu lita. Naomba unisaidie. Kweli jasho linatoa sumu? Linayeyusha mafuta? Linashusha presha? Maji ninywe kiasi gani? Na mimi mtu wa Tanga, joto limenishindaje? Binti yangu wa miaka 19 naye anataka twende wote. Ana selimundu, ila mwaka mzima huu hajalazwa."

Marahaba, mdogo wangu. Nimeusoma ujumbe wako mara mbili, na nashukuru kwamba ulijipima uzito, maana tarakimu zako zimenieleza mengi. Umeuliza maswali kadhaa, lakini naona linalokukosesha raha ni moja: kile kiza ulichokiona, ni mwili ulikuwa unazoea au ulikuwa unakataa? Nikujibu hilo kabla ya mengine. Ulikuwa unakataa. Ulifanya vyema kukaa chini, na kama ungefungua mlango ukatoka usingekuwa umekosea hata chembe.

Nianze na Tanga, kwa sababu hili la "mimi mtu wa pwani" nalisikia sana kwa ndugu zetu walio Ulaya, na ndilo linalowaponza. Joto la Tanga, hata Februari jua likiwa limekaza, kivulini ni nyuzi 32, 33 hivi. Ngozi ya mtu iliyopata joto huwa karibu nyuzi 35. Maana yake ni kwamba kule nyumbani hewa, pamoja na ukali wake wote, bado ilikuwa na ubaridi kidogo kuliko ngozi yako, na upepo wa bahari ulipopita ulichota joto kwako ukaondoka nalo. Chumba cha nyuzi 40 kinafanya kinyume. Hewa yake imeizidi ngozi, kwa hiyo hewa yenyewe ndiyo inayokupasha. Misuli nayo inafanya kazi na kuzalisha joto lake, mlango umefungwa, na njia ya kulitoa joto hilo imebaki moja tu: jasho.

Jasho nalo lina sharti lake. Unaukumbuka mtungi wa udongo uliowekwa barazani penye upepo? Maji hupenya taratibu hadi ngozi ya nje ya mtungi, yakakauka pale, na katika kukauka yakachukua joto la maji yaliyobaki ndani. Ndiyo maana maji ya mtungini yanakuwa baridi bila friji. Sasa uchukue mtungi huohuo uuweke jikoni kando ya sufuria ya maharage inayofuka mvuke, madirisha yamefungwa. Utalowa nje, utatiririka, na maji ya ndani hayatapoa. Ngozi yako ndiyo udongo wa ule mtungi. Jasho linalokauka mwilini linakupoza: lita moja ikikauka yote juu ya ngozi huondoka na joto la kilokalori 580 hivi. Jasho linalodondoka kwenye mkeka halikupozi, ingawa maji na chumvi umevipoteza vilevile. Kumbuka ulivyokuwa umeinama siku ile, matone yakishuka kwenye ncha ya pua, taulo limelowa kiasi cha kukamulika. Watu huyaona yale matone kama ushahidi kwamba zoezi limekolea. Mimi yananiambia kwamba hewa ya chumba imejaa unyevu na haiwezi kulipokea jasho, kama nguo ulizoanika wakati wa masika zinavyoshinda kutwa kwenye kamba na bado mbichi.

Ni kweli mwili huzoea joto. Mtu akifanya kazi kwenye joto kila siku, ndani ya siku 7 hadi 14 maji ya damu yake huongezeka, jasho huanza mapema, chumvi inayopotea na jasho hupungua, na moyo haupigi mbio kama siku ya kwanza. Lakini mazoea hayo hayakai kama lafudhi. Ukihamia kwenye baridi, wiki chache tu yameondoka. Wewe una miaka 14 Leicester. Moyoni ni mtu wa Tanga, ila moyo huohuo na mishipa yake vimeshakuwa vya Leicester, na darasa moja kwa wiki halitoshi kuyarudisha mazoea.

Sasa kile kiza. Chukua mfano wa nyumba ya ghorofa yenye tangi moja. Watu wa chini wakifungua mabomba yote kwa pamoja, bomba la juu linatoa uzi mwembamba. Kwenye joto, mishipa ya ngozi hufunguka ili damu ipeleke joto nje. Moyo wa mtu aliyetulia husukuma lita 5 hivi za damu kwa dakika kwa mwili mzima. Kwenye joto kali sana ngozi peke yake inaweza kudai lita 6 hadi 8. Moyo unalazimika kukimbia ili kulipa deni hilo. Misuli ya mapaja nayo imefungua mabomba yake. Na huku tangi linashuka: ulipungua kilo 1.3, ongeza nusu lita uliyoinywa humo ndani, jasho lako lilikuwa karibu lita 1.8. Ukainama, damu ikakishukia kichwa bila taabu. Ukainuka haraka, kichwa kikawa ghorofa ya juu, na kwa sekunde kadhaa macho na ubongo vikakosa damu ya kutosha. Hicho ndicho kiza, na huko ndiko masikio kuvuma. Ungejikaza kusimama, mwili ungekulaza chini wenyewe, na sakafuni pale kuna kichwa cha kugonga na kifundo cha mkono cha kuvunjika.

Umesema pia ulitoka zamu ya usiku na chai tumboni. Hilo si dogo. Usiku mzima umegeuza na kuinua wagonjwa, umekunywa kidogo kwa sababu hakuna nafasi ya kwenda msalani, hukulala, hukula. Mwili wa mara ya tatu haukuwa mwili wa mara mbili za kwanza, ingawa chumba kilikuwa kilekile.

Halafu kuna vidonge vyako, na hapa nasikitika kwamba hakuna aliyekuuliza mlangoni. Kazi ya amlodipini ni kulegeza mishipa ya damu ipanuke. Kazi ya indapamidi ni kutoa chumvi na maji kwa njia ya mkojo. Yaani uliingia chumbani mabomba yamekwisha kufunguliwa nusu na tangi limepunguzwa, kisha joto likaja kufanya yaleyale mawili upya. Tafadhali usinielewe vibaya. Dawa zako ni nzuri na zinafanya kazi iliyokusudiwa, na usije ukaruka kidonge asubuhi ya siku ya yoga ukidhani unajisaidia. Presha haioni ratiba ya darasa. Linalobadilishwa ni darasa, na kama dawa inahitaji kubadilishwa, anayebadilisha ni daktari wako.

Wasomaji wengine wenye dawa zao nao wasikilize. Atenololi na bisoprololi huuzuia moyo kukimbia pale joto linapoudai ukimbie. Enalaprili na losartani, mwili ukikaukiwa maji, zinaweza kuziacha figo bila kinga. Amitriptilini na baadhi ya dawa za mzio na mafua hupunguza jasho lenyewe. Litiamu hujikusanya kwenye damu. Insulini uliyojichoma hunyonywa upesi zaidi ngozi ikiwa na moto, na sukari ikashuka ukiwa umepinda kwenye mkeka. Yeyote mwenye mojawapo aongee kwanza na anayemwandikia.

Tuje kwenye sumu. Naamini mwalimu wako alisema kwa nia njema, kwa kuwa ndivyo alivyofundishwa, lakini neno lile ni la hatari kwa sababu linaigeuza dalili mbaya kuwa habari njema. Jasho ni maji, chumvi, potasiamu kidogo, urea kidogo, na chembe ndogo mno za vitu vingine. Kusafisha mwili ni kazi ya ini na figo. Figo zako mbili huchuja takriban lita 180 za maji ya damu kila siku, nyingi zikarudishwa ndani na takataka zikatoka na mkojo. Ili zichuje zinahitaji damu ya kutosha ipite kwao. Ukijikamua jasho hadi damu ikapungua maji, mwili hubana mishipa ya kwenda figoni ili kuuokoa moyo na ubongo. Kwa hiyo anayejikausha ili atoe sumu anazifungia bomba figo zinazoitoa. Kizunguzungu, kichefuchefu, kuumwa kichwa na kutapika chumbani mle si sumu zinazoaga. Ni uchovu wa joto, na tiba yake ni kutoka, kulala mahali pa baridi miguu ikiinuliwa, na kunywa taratibu.

Kuhusu kutoka nje, nakusihi sana. Madarasa mengi ya aina hii yana desturi ya kumtaka mtu abaki ndani hata akizidiwa, akae au alale kwenye mkeka wake. Desturi hiyo haina msingi wa kitabibu. Kulala ndani ya nyuzi 40 kunarudisha damu kichwani, sawa, lakini hakukupozi. Na huu si mtindo wa kale usioguswa. Yoga yenyewe ni ya kale huko India, ila chumba cha joto kilienezwa Marekani kuanzia miaka ya 1970 na Bikram Choudhury, mzaliwa wa Kolkata: mikao 26 na mazoezi 2 ya kupumua, dakika 90, chumba cha nyuzi 40 na unyevu wa asilimia 40. Alidai hakimiliki ya mpangilio huo, na mwaka 2015 mahakama ya rufaa ya Marekani ikasema mpangilio wa mikao hauna hakimiliki. Kwa hiyo leo kila ukumbi una joto lake na sheria zake. Una haki ya kuuliza: ni nyuzi ngapi, unyevu ni asilimia ngapi, hewa inaingia wapi, na mwalimu amefundishwa huduma ya kwanza?

Mafuta. Ile kilo 1.3 ilikuwa maji, na ulipokunywa na kula ilirudi, kama ilivyopaswa kurudi. Zile kilokalori 580 nilizotaja hapo juu usizichanganye na mafuta kuungua; ni joto linalobebwa na jasho likikauka, na sehemu ya joto hilo ulilipokea kutoka kwenye kuta za chumba. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Colorado waliwapima watu waliozoea darasa la dakika 90, wakakuta wanawake wanatumia wastani wa kilokalori 330 na wanaume 460. Ni sawa na kutembea kwa haraka kwa muda huohuo. Si haba, lakini haikaribii yale maelfu yanayotangazwa.

Na presha? Hapa nitakupa pande zote mbili, maana si haki kukupa moja. Mwaka 2019 kule Marekani kikundi kidogo kiliripoti kwamba wiki 12 za yoga ya joto zilishusha namba ya juu ya presha kutoka wastani wa 126 hadi 121. Inatia moyo. Lakini walikuwa watu 10 tu, watano kati yao ndio waliofanya yoga, na hakuna aliyekuwa akitumia dawa za presha. Wewe siyo wao. Utafiti ninaouthamini zaidi ni wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Texas, uliochapishwa 2018. Watu 52 wa miaka 40 hadi 60, wasio na mazoea ya mazoezi, waligawanywa makundi matatu: wa kwanza walifanya mikao ileile kwenye nyuzi 40.5, wa pili kwenye nyuzi 23, wa tatu hawakufanya. Baada ya wiki 12 watafiti walipima jinsi mishipa ya damu inavyoweza kupanuka, kipimo kinachotangulia kuonyesha afya yake. Waliofanya kwenye joto walinufaika, na wa nyuzi 23 nao pia. Yaani mikao na pumzi ndivyo vilivyofanya kazi. Moto haukuhitajika.

Nalisisitiza hili kwa sababu ndilo jibu la lile ulilolipenda. Ule wepesi na ule usingizi sitaki uvipoteze. Upo pia utafiti wa 2023 kutoka Boston wa watu 65 wenye sonona: wengi wa waliofanya yoga ya joto kwa wiki 8 walipata nafuu kubwa kuliko waliowekwa kwenye orodha ya kusubiri. Ninauamini. Lakini waliolinganishwa nao hawakufanya yoga yoyote, kwa hiyo hautuambii kama nafuu ililetwa na joto au na saa moja na nusu ya kupumua bila simu. Kwa mtu anayelea wazee usiku kucha, muda huo peke yake ni dawa.

Kuna jambo moja hukuliuliza, nalo huleta wagonjwa wengi kwa wenzangu wa viungo. Joto hulainisha misuli na kano, na hupunguza pia hisia ya maumivu. Unashuka chini kuliko jana, unafurahi, na kesho yake nyuma ya paja hapagusiki. Ile kengele ya "basi, inatosha" imewekewa pamba. Ukiwa kwenye joto ishia kabla ya mwisho wako, usishindane na jirani wa mkeka wa mbele.

Hatari yenyewe ni kubwa kiasi gani? Kwa mtu mzima mwenye afya, asiyemeza dawa, aliyekula na kulala, anayekunywa na anayetoka akitaka, ni ndogo. Hata hivyo Chuo Kikuu cha Wisconsin-La Crosse kiliwapima watu 20 waliokuwa wazoefu, kwa vidonge vya kumeza vinavyosoma joto la ndani ya mwili. Baada ya darasa la dakika 90, saba kati yao walikuwa wamevuka nyuzi 39.4, na mmoja alifika 40.1. Hawa walikuwa wazoefu, na hawakulalamika. Kuanzia nyuzi 40 ndipo kiharusi cha joto kinapoanza kubisha hodi: mtu anaanza kuongea ovyo, anayumba, hajui yuko wapi, au anaanguka na degedege. Ukimwona mwenzako hivyo usimpe kinywaji na usingoje. Mtoeni nje, mwitieni gari la wagonjwa kwa 999, na papo hapo mpozeni kwa maji baridi mwili mzima, kwenye beseni la kuogea au kwa ndoo na mataulo yaliyolowa, huku mkimpepea. Kumpoza kunatangulia safari, kwa sababu ubongo unaungua dakika kwa dakika.

Wajawazito wasiingie, hasa miezi mitatu ya mwanzo, wakati joto la mama kupanda juu ya nyuzi 39 linaweza kuudhuru uti wa mgongo na ubongo wa mtoto unaotengenezwa. Na aliyefunga Ramadhani asifanye darasa la joto mchana. Asubiri baada ya futari, au achague la kawaida.

Maji sasa, maana wengi hukosea kwa pande zote mbili. Usinywe lita tatu kabla ya kuingia. Indapamidi inakutolea chumvi, jasho linatoa chumvi, ukimimina maji matupu juu yake chumvi ya damu inaweza kushuka mno, na dalili zake ni kichwa, kichefuchefu na kuchanganyikiwa, ambazo mtu akizidhani ni za kukaukiwa maji huongeza maji na kujimaliza. Kunywa glasi mbili ndani ya saa mbili kabla, kisha meza kidogokidogo ukiwa ndani. Ukitoka, jipime kama ulivyofanya: kila kilo iliyopungua irudishie kama lita moja na robo, polepole ndani ya saa kadhaa, pamoja na chakula cha kawaida. Wali na mchuzi una chumvi ya kutosha kwako. Maji ya chumvi na sukari wanayopewa wanaoharisha (ORS) yanafaa kwa aliyezidiwa, lakini mwenye presha asiyafanye kinywaji cha kila wiki. Madafu ni mazuri na naelewa utamu wake ukiwa ugenini, ila yana potasiamu nyingi na sodiamu kidogo, kwa hiyo hayarudishi kile kinachopotea zaidi kwenye jasho.

Ningekuwa mimi ndiye daktari wako wa pale Leicester, ningekuomba hivi. Kwa miezi miwili acha chumba cha nyuzi 40. Nenda yoga ya kawaida, chumba cha nyuzi 22 hadi 24, mara mbili au tatu kwa wiki, siku usizotoka zamu ya usiku, na chakula chepesi tumboni saa mbili kabla. Mwambie mwalimu kabla ya darasa: "Nina presha, nameza dawa, mikao ya kichwa chini nitairuka na kuinuka nitainuka taratibu." Ukitoka kwenye kuinama, kunja magoti, panda pingili moja moja ya uti wa mgongo, kichwa kiwe cha mwisho. Usibane pumzi ukiwa umeshikilia mkao, maana kubana pumzi hupandisha presha ghafla. Kama unautamani ule ujoto, lipo darasa la nyuzi 30 hadi 32. Kwa hilo sina shida nawe, ukishazoea la kawaida.

Wakati huo fanya kipimo kimoja nyumbani. Lala dakika 5, pima presha. Simama, pima tena baada ya dakika 1 na dakika 3. Fanya hivyo asubuhi tatu tofauti, uandike. Namba ya juu ikishuka kwa 20 au zaidi, au ya chini kwa 10 au zaidi, hata bila yoga, dozi yako inahitaji kuangaliwa. Mpelekee daktari wako karatasi hiyo, umweleze kile kiza, na umwombe apime chumvi na potasiamu kwenye damu na kazi ya figo. Kwa anayemeza indapamidi vipimo hivyo ni vya kawaida. Kama yeye, akiona majibu, atakuruhusu kurudi kwenye joto, basi rudi kwa dakika 30 za kwanza, mkeka uwe karibu na mlango, na mtu mmoja darasani ajue hali yako. Mkeka uwe wako mwenyewe, uoshwe na ukauke kila mara. Fangasi hupenda chumba kile kuliko sisi.

Binti yako asiende. Hapa sina mizani, kwa darasa la joto ni hapana. Mtu wa selimundu anapokaukiwa maji, chembe zake nyekundu nazo hukaukiwa, hemoglobini ndani yake hubanana, chembe zikajikunja kama mundu na kuziba mishipa midogo. Figo zake pia huwa hazina uwezo mzuri wa kuzuia maji yasitoke na mkojo, kwa hiyo hukauka upesi kuliko wewe. Kisha anatoka amelowa jasho, nje ni Januari ya Leicester, na baridi ya ghafla nayo huamsha maumivu. Mwaka mzima bila kulazwa ni tunu aliyoipata kwa kujitunza, usimruhusu aiweke rehani kwa darasa moja. Yoga ya chumba cha kawaida inamfaa, taratibu, chupa ya maji mkononi, sweta karibu, na timu yake ya selimundu ijue. Kama kuna ndugu zake wenye kinasaba kimoja tu cha selimundu, nao wasijisukume kupita kiasi kwenye joto kali. Watu wa hali hiyo wamewahi kuanguka vibaya kwenye mazoezi mazito, ingawa siku zote wanajiona wazima.

Wewe usingoje miadi ukipata mojawapo ya haya, iwe darasani au nyumbani: maumivu au kubanwa kifua, mapigo yanayorukaruka bila mpangilio, kuzimia kabisa, udhaifu wa upande mmoja au ulimi kuwa mzito. Hayo ni 999. Na ukitoka darasani, misuli ikauma kuliko kawaida, mkojo ukawa mweusi kama kokakola, au saa nane zimepita hujapata haja ndogo ingawa umekunywa, nenda hospitali siku hiyohiyo, ukiwa na boksi za dawa zako mkononi.